Jina Lililoandikwa Kitabuni

Mahubiri ya Dominika ya Familia Takatifu, Mwaka A
Masomo: Yoshua bin Sira 3:2-6, 12-14, Wakolosai 3:12-21, Mathayo 2:13-15, 19-23



Wapendwa wasikilizaji, akina baba na akina mama, vijana na watoto, nanyi wagonjwa mnaotusikiliza mkiwa vitandani. Nanyi makatekista, ambao mara baada ya kipindi hiki mtashika njia kwenda kuongoza Ibada ya Neno vigangoni: nawatakieni nyote heri ya Noeli. Zimepita siku chache tu tangu tulipopiga magoti mbele ya hori la Bethlehemu. Leo Mama Kanisa anatualika tuinue macho kutoka horini, tuitazame nyumba nzima: Yesu, Maria na Yosefu.

Somo la kwanza limetukumbusha wajibu wa kumheshimu baba na kumtunza mama, na kutomdharau mzazi hata akili zake zinapopungua kwa uzee. Mtakatifu Paulo ametufundisha namna ya kuishi nyumbani kwa upole, uvumilivu na kusameheana. Nayo Injili imetuonyesha mtu mmoja anayeamshwa usiku wa manane, akamchukua mtoto na mama yake, akakimbilia nchi ya kigeni ili mtoto asiuawe. Mtu huyo ni Yosefu, na mtoto yule, kama tujuavyo sote, hakuwa wa damu yake.

Basi leo ningependa tulitafakari swali moja ambalo katika nyumba zetu huulizwa kwa kunong'ona tu, pengine haliulizwi kabisa. Tumeamriwa tuwaheshimu baba na mama. Je, mtoto aliyezaliwa na huyu akalelewa na yule, amheshimu yupi? Tena atamheshimuje mzazi ambaye hata jina lake amefichwa?

Niruhusuni nianze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa paroko katika parokia moja ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Siku moja alikuja ofisini kijana wa miaka ishirini na sita hivi, fundi mwashi, akiomba cheti cha ubatizo kwa ajili ya kufunga ndoa. Alinitajia kigango alikobatiziwa na mwaka. Nikakitoa kabatini kile kitabu kikubwa cha ubatizo, nikafunua ukurasa. Jina lilikuwa lake, tarehe ilikuwa yake, na msimamizi alikuwa yuleyule aliyemtaja. Lakini mahali pa jina la mama paliandikwa jina la mwanamke mwingine kabisa, na mahali pa baba palikuwa patupu. Pembeni, kwa mwandiko wa padre mzee aliyekwisha kufariki, palikuwa na maneno machache kwamba mtoto huyu analelewa na fulani na fulani. Hao fulani na fulani ndio kijana yule aliowaita baba na mama tangu alipoanza kusema.

Wapendwa, kitabu kilikuwa mezani, na kijana alikuwa ameketi ng'ambo ya meza. Kama angeinama kidogo tu, angesoma mwenyewe. Nilifanya nini? Nilikivuta kitabu upande wangu. Nikachukua kile cheti kifupi kisicho na nafasi ya majina ya wazazi, nikakijaza, nikapiga muhuri, nikampa. Akanishukuru, akaondoka. Moyoni nilijiambia kwamba nimetumia busara: kwa nini nibomoe nyumba ya watu kwa neno moja? Nikakirudisha kitabu kabatini, nikafunga kwa ufunguo. Nitarudi kwenye kisa hiki baadaye, maana hakikuishia hapo.

Sasa tumrudie Yosefu. Mwinjili Mathayo anaanza kitabu chake kwa orodha ndefu ya vizazi, kuanzia Abrahamu hadi Yosefu. Wasomaji wengi huiruka, wakiona ni majina matupu. Lakini wazee wetu wa Kihehe na wa Kibena wangeielewa mara moja, kwa sababu kwao mtu hajulikani kwa sura yake tu. Hujulikana kwa ukoo wake na kwa mwiko wa ukoo wake, ili aliye ndugu asije akaolewa na ndugu, na aliye mgeni asiachwe bila mwenyeji. Mathayo anatueleza kwamba kwa njia ya Yosefu, Yesu anahesabiwa katika ukoo wa Daudi. Yosefu ndiye aliyempa mtoto jina, akamfundisha kazi, akatembea usiku kwa ajili yake. Kwa hiyo, Injili inathibitisha kwamba ulezi ni ubaba wa kweli. Waswahili husema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Walakini, tazameni jambo la pili. Injili hiyohiyo haifichi asili ya mtoto. Mathayo anapofika kwa Yosefu katika orodha yake, anabadili namna ya kusema: hasemi kwamba Yosefu alimzaa Yesu, bali anamtaja Yosefu kuwa mume wa Maria, na Maria kuwa ndiye aliyemzaa Yesu. Ukweli umeandikwa mahali pake, na heshima ya Yosefu haikupungua hata chembe. Hakuna aliyemdharau Yosefu kwa sababu ukweli ulijulikana; kinyume chake, twamheshimu zaidi, kwani twajua alichokubali kukibeba.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Musa. Twasoma katika kitabu cha Kutoka, sura ya pili, jinsi binti Farao alivyomwokota mtoni, akamfanya mwanawe. Lakini aliyemnyonyesha alikuwa mama yake mzazi, na dada yake alisimama mbali akiangalia litakalompata. Musa alikua katika nyumba ya kifalme, akala na kusoma humo. Hata hivyo, alipokuwa mtu mzima alitoka kwenda kuwatazama ndugu zake. Wokovu wa taifa zima ulianza pale mtoto wa kulelewa alipojua ndugu zake ni akina nani. Kama jambo lile lingefichwa asilijue kamwe, ni nani angekwenda mbele ya Farao?

Ndugu wasikilizaji, kwetu Mbeya na Iringa jambo hili si la vitabuni tu. Tangu zamani tumelea watoto wa ndugu, wa jirani, hata wa wapita njia. Mtoto wa dada akifiwa na mama yake huhamia kwa mama mkubwa, na maisha yakaendelea bila karatasi yoyote. Kisha likaja janga la UKIMWI. Wengi mnakumbuka. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2007-2008 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado pamoja na Njombe, watu wazima karibu 16 katika kila 100 walikuwa na virusi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Na Mbeya walikuwa zaidi ya 9 katika kila 100. Tulizika vijana wiki kwa wiki. Watoto wao waligawanywa kwa bibi, kwa shangazi, kwa wajomba, na wengine wakapokelewa katika nyumba za watawa. Mungu awalipe wote waliowapokea.

Watoto wale sasa ni watu wazima. Wanataka kitambulisho cha Taifa, wanaombwa cheti cha kuzaliwa. Wanataka mkopo wa masomo ya chuo kikuu, na aliye yatima anaombwa cheti cha kifo cha mzazi. Hapo ndipo wengine wanapogundua kwamba jina lililo kwenye cheti cha shule si la baba yao, bali la mjomba. Au kwamba bibi yao aliandikishwa kuwa ndiye mama yao. Wengi wetu tulifanya hivyo kwa nia njema, ili mtoto asisumbuliwe. Lakini nia njema iliyojengwa juu ya maandishi ya uongo inamsumbua mtoto baadaye zaidi ya alivyosumbuliwa mwanzoni. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na karatasi nayo ni aina ya kusema.

Nchi yetu imeweka sheria juu ya jambo hili, na ni vema Mkristo aijue. Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao unatamka kwamba mtoto ana haki ya kupewa jina na, kwa kadiri inavyowezekana, kuwajua wazazi wake. Kisha Bunge likatunga Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo inasema waziwazi kwamba mtoto ana haki ya jina, ya utaifa, na ya kuwafahamu wazazi waliomzaa pamoja na ndugu wa ukoo wake. Sheria hiyohiyo inaeleza namna ya kuasili mtoto kihalali: ombi hupelekwa Mahakama Kuu, afisa ustawi wa jamii hufanya uchunguzi, na mahakama ikiridhika hutoa amri. Tangu hapo mtoto huhesabiwa kuwa mtoto kamili wa waliomwasili. Nalo Kanisa, katika kanuni ya 110 ya Sheria zake, humtambua kuwa mtoto wao.

Je, kumbukumbu zake za kuzaliwa huenda wapi? Hazichomwi. Msajili Mkuu huweka daftari la watoto walioasiliwa, na huweka pia kumbukumbu zinazounganisha daftari hilo na lile la mwanzo la vizazi. Lakini kumbukumbu hizo za kuunganisha hazifunguliwi kwa kila apitaye. Zinahitaji amri ya mahakama. Na kuhusu kumwambia mtoto, sheria imempa jukumu hilo mzazi aliyemwasili, wala si mtu mwingine: amwambie kwamba ameasiliwa, na amweleze wazazi wake ni nani, iwapo ni kwa manufaa ya mtoto na akiwa ametimiza angalau miaka 14. Angalieni hekima iliyomo. Sheria haikumpa jukumu hilo jirani mwenye mdomo mrefu, wala mjomba mwenye hasira, wala mtoto mwenzake wa shuleni. Imempa yule aliyemlea, kwa sababu habari nzito hupokelewa vizuri kutoka katika mkono uliozoeleka.

Wako wasemao kwamba ni heri kufunga kabisa. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema: yuko mama aliyepata mimba akiwa binti mdogo, pengine kwa kutendewa vibaya, akamtoa mtoto kwa machozi, kisha akaolewa na kujenga maisha mapya. Je, akibishiwa hodi baada ya miaka thelathini, nyumba yake itasimama? Wanasema pia: mama mlezi amejinyima usingizi, je, leo aonekane kama mpangishaji tu? Wapendwa, hofu hizo ni za kweli, nami sizicheki. Lakini mataifa mengine yamepita njia hii kabla yetu, na tunaweza kujifunza kwao. Uskoti iliruhusu tangu mwaka 1930 walioasiliwa, wakifika utu uzima, kuona kumbukumbu za kuzaliwa kwao. Uingereza ilifuata kwa sheria ya mwaka 1975. Na wale walioasiliwa kabla ya sheria hiyo walitakiwa kwanza kuonana na mshauri, ili wasiipokee habari wakiwa peke yao.

Nchi ya Ireland inatuhusu zaidi, maana ni nchi ya Wakatoliki. Huko, kwa miaka mingi, mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa walipelekwa katika nyumba maalumu, nyingi zikiendeshwa na watawa, na watoto wao wakatolewa kwa walezi, wengine hadi ng'ambo ya bahari. Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa yake mwaka 2021, na ilikuwa taarifa ya kutia uchungu. Mwaka 2022 nchi ile ilipitisha sheria inayompa kila aliyeasiliwa, akifikisha miaka 16, haki ya kupata cheti chake cha kuzaliwa na habari za asili yake. Na pale mzazi anapotamka kwamba hapendi kukutana, mhusika huelezwa kwanza juu ya matakwa hayo, kisha hupewa habari zake. Yaani, kulijua jina ni haki ya mtoto. Kukutana ni tendo la hiari ya pande mbili. Nawaombeni mlishike jambo hilo, kwani linatatua sehemu kubwa ya hofu yetu. Kumpa mtu jina la mama yake si sawa na kumpa ufunguo wa nyumba ya mama yake.

Sasa naomba niseme nanyi makatekista, na viongozi wa vigango na jumuiya ndogondogo. Kanisa lilikuwa na vitabu vya ubatizo katika milima hii kabla mikono ya serikali haijafika katika vijiji vyetu vingi. Tangu wamisionari Wabenediktini walipofika Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19, na baada yao Wakonsolata waliopokea kazi ya Iringa mwaka 1919, na Mapadre Weupe upande wa Mbeya, watoto wa nchi hii wameandikwa majina yao na ya wazazi wao. Kwa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo anavyoweza kupeleka RITA ili aandikishwe. Kwa hiyo, mstari mmoja unaouandika wewe katekista kwa kalamu yako ya wino, ukiwa umeketi kwenye benchi la kigango, unaweza kuwa daraja pekee la mtoto yatima kuelekea kwa watu wake.

Kanuni ya 877 ya Sheria za Kanisa inatuelekeza namna ya kuandika. Mtoto akizaliwa na mama asiyeolewa, jina la mama huandikwa iwapo umama wake unajulikana hadharani, au iwapo yeye mwenyewe anaomba kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. Jina la baba huandikwa iwapo kuna hati ya serikali inayothibitisha, au akikiri mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Kama hakuna, nafasi huachwa wazi bila maneno ya dharau. Na kwa mtoto aliyeasiliwa, huandikwa majina ya waliomwasili. Na yale ya wazazi waliomzaa huandikwa pia, walau pale ambapo kumbukumbu za serikali hufanya hivyo, kwa kufuata maelekezo ya Baraza la Maaskofu. Haikuruhusiwa popote kuandika uongo. Nafasi iliyoachwa wazi ni ya kweli. Jina la kubuni ni shahidi wa uongo aliyevaa wino.

Tena liko jambo la ndoa. Kanisa hukataza ndoa kati ya ndugu wa damu hadi daraja ya nne ya mstari wa pembeni, yaani hata binamu wa kwanza. Hukataza pia ndoa kati ya ndugu wa kuasiliwa walio karibu, kama kaka na dada waliokuzwa katika nyumba moja kisheria. Tutachunguzaje udugu wa damu iwapo mtu hajui damu yake? Hapa narudi kwa yule fundi mwashi. Nilipompa cheti kile, sikuuliza kama mchumba wake anatoka upande wa yule mama aliyeandikwa kitabuni. Baadaye nilithibitisha kwamba hawakuwa ndugu. Namshukuru Mungu, lakini namshukuru nikitetemeka, kwa maana ilikuwa ni rehema yake tu, wala si uangalifu wangu.

Miaka minane ilipita. Yule mzee aliyemlea alifariki. Baada ya matanga, ukoo ulikaa kikao cha kugawana mashamba. Yakatokea maneno juu ya kipande cha bonde, na mzee mmoja, kwa hasira, akamwambia mbele ya watu wote, mbele ya mke wake na watoto wake: "Wewe nyamaza, wewe si wa ukoo huu." Hivyo ndivyo alivyojua. Alinitafuta hadi parokia yangu mpya. Aliketi, akasema, "Kamwene, Padre." Nikaitikia. Kisha akaniuliza: "Padre, siku ile kitabu kilikuwa mezani pako. Ulijua?"

Nikamjibu, "Nilijua, mwanangu."

Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani atanilaumu, au atanieleza habari za shamba. Hakufanya hivyo. Aliuliza neno moja tu: "Jina lake nani?"

Tulikwenda pamoja hadi parokia ile ya zamani, na kwa ruhusa ya paroko aliyekuwepo tukakifungua kitabu. Aliweka kidole chake, chenye sugu za saruji, juu ya lile jina, akalisoma polepole, kisha akalisoma tena. Tukamtafuta. Tukakuta amekwisha kufariki, miaka miwili kabla. Tulimkuta dada yake, mama mkubwa, naye akatueleza kwamba marehemu alijua mwanawe yuko wapi na anafanya kazi gani. Mara moja alitembea kwa miguu hadi kijiji ambako kijana alikuwa amejenga darasa la shule. Akalitazama, akaugusa ukuta, akarudi kwake bila kusema na mtu yeyote. Hakutaka kuivuruga nyumba iliyomlea mwanawe.

Wapendwa, kwa miaka sita, kati ya siku ile ya cheti na siku ya kifo chake, mama yule alikuwa hai, na jina lake lilikuwa katika kabati langu. Sisemi kwamba ningepaswa kulitamka pale mezani siku ile. Hapana, hiyo nayo ingekuwa jeuri. Nilichopaswa kufanya ni kupanda pikipiki jioni ile, niende kwa wale wazee waliomlea, nipige hodi, niseme: "Shikamooni wazazi wangu. Mtoto anaoa. Wakati umefika wa kumwambia, nami nitakuwa pamoja nanyi." Hilo ndilo nililolikwepa, nikaliita busara. Kosa langu halikuwa kunyamaza mbele ya mtoto. Lilikuwa kunyamaza mbele ya wazazi.

Kwa hiyo, ninawaombeni mambo matatu. Kwanza, ninyi mliopokea watoto: waambieni. Anzeni mapema, kwa maneno madogo yanayolingana na umri wao, ili neno la mwisho lisiwe radi. Msingoje kikao cha mirathi, wala hasira ya ndugu. Na kama mtoto yu mikononi mwenu bila karatasi, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii mpate ushauri, ili haki yake katika nyumba yenu isimamiwe na sheria, isitegemee ukarimu wa ndugu mkiisha kufa.

Pili, ninyi wazazi wote: andikisheni vizazi. Mbeya ulikuwa mkoa wa kwanza kuanza, mwaka 2013, mpango wa kuandikisha watoto walio chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo, katika vituo vya afya na ofisi za kata. Iringa na Njombe zikafuata. Andikeni jina la kweli la mama, na la kweli la baba. Nawe bibi uliyeachiwa mjukuu, usijiandikishe kuwa mama yake. Ubibi wako ni cheo kikubwa cha kutosha.

Tatu, nawe uliyetoa mtoto zamani, na sasa unanisikiliza ukiwa umekaa kimya, pengine mume wako yuko chumba cha pili: Kanisa halikuiti leo ili kukuaibisha. Ulimpa mtoto uhai wakati ambapo wengi walikushauri usimpe. Kama unaweza, mwendee padre unayemwamini, umwachie neno la kuwekwa: jina lako, kijiji chako, na ugonjwa wowote wa ukoo ambao mtoto angefaa kuujua. Si lazima ukutane naye. Lakini siku akiuliza, asikute ukurasa mtupu.

Mtauliza, je, mama yule mlezi alipatwa na nini baada ya yote hayo? Aliniambia kwamba miaka yote aliogopa kitu kimoja, kwamba mtoto akijua ataondoka. Mtoto amejua, wala hakuondoka. Alirudi kutoka kaburini kwa mama yake mzazi, akapitia dukani, akanunua mabati, akaliezeka upya jiko la mama yake mlezi kabla ya mvua. Aliniambia, "Padre, aliyenizaa namjua sasa. Huyu nilimjua siku zote." Basi swali letu la mwanzo limejibiwa na fundi mwashi: awaheshimu wote wawili. Moyo wa mtoto una nafasi ya kutosha, mradi tu asidanganywe.

Sisi sote, wapendwa, ni watoto wa kuasiliwa. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba tumepokea Roho anayetufanya wana, na kwa huyo twamwita Mungu Baba. Neno hili "kuasili" limebeba "asili" ndani yake. Mungu alipotufanya wanawe hakutuficha tulikotoka; alituambia kwamba tu mavumbi, kisha akatupa jina lake.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyemkabidhi Yosefu Mwanao wa pekee, uwabariki wote wanaolea watoto wasiowazaa. Uwafariji wote waliozaa wasiweze kulea. Uwape ujasiri wa kusema kweli kwa upendo. Uwaongoze wanaotafuta majina ya wazazi wao, nao waliokwisha kufariki uwape pumziko la milele. Utujalie sisi watunzaji wa vitabu vyako mkono mwaminifu na mlango ulio wazi. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Awabariki Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina. Dominika njema.